Bara Dogo la Shelisheli na Mauritia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Visiwa vya Shelisheli viko zaidi ya kilomita 1,700 mashariki mwa Mombasa, katikati ya bahari yenye kina cha maelfu ya mita, na bado majabali yake makubwa ni ya granaiti, mwamba ambao kwa kawaida hupatikana barani. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi mwamba huo ulivyofika huko, na kwa nini historia yake haiwezi kutenganishwa na historia ya Madagaska, Bara Hindi na pwani ya Afrika Mashariki. Yanagusa pia Mauritia, bara dogo jingine linalodhaniwa kufichika chini ya kisiwa cha Morisi.

Bara dogo ni nini hasa?

Ni kipande cha ganda la dunia la aina ya bara, kilichokatika kutoka bara kubwa na kuzungukwa na sakafu ya bahari pande zote. Kinachokitambulisha ni aina na unene wa miamba iliyo chini, kwa hiyo bara dogo linaweza kuwa karibu lote chini ya maji na likabaki kuwa bara dogo, ilhali kisiwa kirefu cha volkano kinaweza kuinuka maelfu ya mita juu ya bahari kisihesabiwe hivyo. Piton des Neiges katika kisiwa cha Reunion una urefu wa mita 3,070, nao ni mlima wa volkano uliojengeka juu ya sakafu ya bahari. Morne Seychellois, kilele cha juu cha Mahé, una mita 905 tu, lakini ni mwamba wa bara.

Tunajuaje kwamba Shelisheli ni kipande cha bara?

Ushahidi wa kwanza ni miamba yenyewe. Granaiti ya Mahé, Praslin na La Digue ina madini ya kwatzi na feldspa kwa wingi, na miamba ya namna hiyo haitokei kwa ukubwa huo kwenye sakafu ya bahari, ambayo imejengwa kwa basalti, mwamba mweusi unaotokana na lava. Ushahidi wa pili ni mawimbi ya matetemeko. Mwendo wa mawimbi hayo hubadilika yanapovuka kutoka ganda la dunia kuingia katika koti lililo chini yake, na kwa kupima badiliko hilo wataalamu wameona kwamba ganda chini ya Shelisheli lina unene wa zaidi ya kilomita 30. Ganda la kawaida la bahari lina unene wa kilomita 6 au 7 tu.

Ushahidi wa tatu ni umbo la chini ya maji. Visiwa vya granaiti ni vilele vya jukwaa pana linaloitwa Benki ya Shelisheli, ambalo sehemu yake kubwa imefunikwa na maji ya kina cha makumi machache ya mita, na kingo zake huporomoka ghafla kuelekea kilindini. Nchi kavu yote ya Shelisheli ni kilomita za mraba 455 hivi. Jukwaa hilo ni makumi ya maelfu ya kilomita za mraba. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati barafu ya ncha za dunia ilipokuwa imeshika maji mengi na usawa wa bahari ukawa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, jukwaa lilikuwa nchi kavu, na Mahé, Praslin na La Digue vilikuwa vilima vya kisiwa kimoja kikubwa.

Granaiti hiyo ina umri gani, na ilizaliwa wapi?

Sehemu kubwa yake ina umri wa miaka milioni 750 hivi. Tarehe hiyo imetokana na chembe za zirkoni, na inafaa kueleza njia yenyewe kwa sababu mengi yanayofuata yanaitegemea. Zirkoni ni madini magumu sana yanayoundwa mwamba ulioyeyuka unapopoa. Chembe yake inapokua hupokea atomi za urani ndani ya muundo wake, lakini huikataa risasi. Urani ni elementi nururifu ambayo hubadilika polepole kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo risasi inayokutwa ndani ya chembe baadaye inahesabika kuwa imezaliwa humo humo. Zaidi ya hayo, urani ina aina mbili zinazobadilika kwa kasi tofauti: nusu ya ile nzito hubadilika kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya ile nyepesi kwa miaka milioni 704. Chembe moja ina saa mbili, na zinapokubaliana mtaalamu ana sababu nzuri ya kuiamini tarehe.

Miaka milioni 750 iliyopita hapakuwa bado na Gondwana, bara kuu la kale lililokuja kuziunganisha Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Antaktika na Australia. Bara kuu la wakati ule, Rodinia, lilikuwa limeanza kuvunjika, na wengi wa wanaoichunguza granaiti ya Shelisheli wanaiona kuwa mazao ya ukingo wake, mahali ambapo sakafu ya bahari ilizama chini ya bara na kuyeyusha miamba, kama inavyotokea leo katika milima ya Andes. Miamba ya umri unaokaribiana na huo ipo pia Rajasthan, magharibi mwa India, na kaskazini mwa Madagaska. Ukiziweka sehemu hizo tatu pamoja katika ramani ya zamani zinafuatana kama mkanda mmoja, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayonifanya nione kwamba kuizungumzia Shelisheli peke yake, bila majirani zake wa kale, ni kuivunja hadithi katikati.

Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita mabara yaligongana na kuunda Gondwana. Mgongano huo uliikunja na kuichoma miamba ya Afrika Mashariki, na mabaki yake yanaonekana katika milima ya Usambara, Upare, Uluguru na Taita. Ajabu ni kwamba granaiti ya Mahé haina makovu makubwa ya msukosuko huo. Miamba yake imebaki karibu kama ilivyopoa, pamoja na mishipa myeusi ya dolerati, mwamba wa jamii ya basalti, iliyopenya humo zamani hizo hizo.

Ndani ya Gondwana Shelisheli ilipakana na nani, na pwani yetu inahusikaje?

Shelisheli ilikuwa imebanwa kati ya kaskazini-mashariki mwa Madagaska na magharibi mwa Bara Hindi. Madagaska nayo haikuwa pale ilipo leo: iliegemea pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Mtu ambaye angesimama mahali palipo na Tanga leo, miaka milioni 250 iliyopita, angeweza kutembea kuelekea mashariki na kufika Bara Hindi bila kukutana na bahari.

Ardhi hiyo haikuwa imara kabisa. Tangu zamani za Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ilianza kunyooka na kudidimia kwa mistari mirefu, na mabonde yaliyotokea yakajaa mashapo ya mito na maziwa. Nchini Kenya mashapo hayo yanajulikana kama mawe mchanga ya Duruma, na matabaka yake yamepewa majina ya mahali ambayo wasomaji wengi wanayafahamu: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Tanzania ina mashapo ya umri huo nyuma ya Tanga, na magharibi mwa Madagaska kuna mabonde yanayolingana nayo.

Visukuku vinalithibitisha hilo kwa namna ambayo mimi huona ni nzuri kuliko ramani yoyote. Mwaka 1924 mtaalamu wa visukuku Haughton alikipa jina Tangasaurus kisukuku cha mtambaazi wa majini kilichotoka karibu na Tanga. Miaka miwili baadaye mtaalamu mwenzake Piveteau alimpa jina Hovasaurus jamaa yake wa karibu aliyepatikana Madagaska, mwenye mkia mrefu wa kuogelea wa namna ile ile. Walikuwa wanyama wa maji yaliyotulia ya mabonde hayo, na mabonde yalipokuwa pamoja jamaa hao waliishi katika nchi moja.

Baadaye bahari iliingia. Chokaa ya Kambe nchini Kenya na chokaa ambamo Mapango ya Amboni yamechongwa, karibu na Tanga, ni mashapo ya bahari ya zamani za Jura, kati ya miaka milioni 200 na 145 hivi iliyopita. Maji ya bahari yalikuwa yamefika pwani ya Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza kwa kudumu, kwa sababu upande wa mashariki wa Gondwana ulikuwa unaondoka.

Shelisheli iliachana na Afrika lini?

Kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita. Haikuondoka peke yake: ilikuwa ndani ya kundi lililojumuisha Madagaska, Bara Hindi, Antaktika na Australia. Kundi hilo lilisogea kuelekea kusini, na Madagaska ikateleza sambamba na pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, ikiacha alama ndefu chini ya Mlango wa Msumbiji inayoitwa Mgongo wa Davie. Kiasi cha miaka milioni 120 iliyopita mwendo huo ulikoma, na tangu hapo Madagaska imebaki mahali pake ikilinganishwa na Afrika.

Iliachanaje na Madagaska?

Kati ya miaka milioni 90 na 84 iliyopita mpasuko mpya ulifunguka kando ya ukingo wa mashariki wa Madagaska. Volkano zilimwaga basalti katika sehemu nyingi za kisiwa hicho wakati huo, na wataalamu wengi wanazihusisha na kitovu cha joto ambacho leo kiko chini ya kisiwa cha Marion, kusini kabisa mwa Bahari Hindi. Kitovu cha joto ni mahali ambapo mwamba wenye joto kali hupanda kutoka kilindini mwa koti la dunia kwa muda mrefu, huku mabamba, yaani vipande vikubwa vinavyosogea vya ganda la dunia, yakipita juu yake. Baada ya mpasuko, Bara Hindi lilielekea kaskazini-mashariki likiichukua Shelisheli ubavuni mwake, na nyuma yao likafunguka Bonde la Maskarene, ambalo ni sakafu ya bahari iliyopo leo kati ya Madagaska na Morisi.

Na iliachanaje na Bara Hindi?

Hapa ndipo bara dogo lilipozaliwa kwa maana kamili. Miaka milioni 66 hivi iliyopita Bara Hindi lilifika juu ya kitovu kingine cha joto, kile kile ambacho leo kinailisha volkano ya Piton de la Fournaise katika kisiwa cha Reunion. Lava iliyotoka ilifunika magharibi na kati ya India kwa tabaka juu ya tabaka. Uwanda huo wa Deccan, hata baada ya mmomonyoko wa mamilioni ya miaka, bado una eneo la kilomita za mraba 500,000 hivi, na mahali pengine unene wake unazidi kilomita 2.

Joto hilo lilidhoofisha ganda la dunia kando ya ukingo wa Bara Hindi. Kumbuka kwamba wakati huo bahari ilikuwa tayari inafunguka katika Bonde la Maskarene, yaani upande wa magharibi wa Shelisheli. Kiasi cha miaka milioni 63 iliyopita bahari mpya ilianza kufunguka upande wake wa mashariki, kati yake na Bara Hindi, na muda si mrefu ule mpasuko wa zamani wa magharibi ukafa. Mpasuko wa mashariki uliendelea na haujakoma hadi leo. Ni Mgongo wa Carlsberg, unaokata Bahari Hindi kaskazini-magharibi.

Naomba msomaji asipite haraka hapa, maana kuhama huko kwa mpasuko ndiko kunakoeleza bara dogo kwa jumla. Mpasuko wa bahari ukibaki mahali pamoja hugawa bara katika sehemu mbili kubwa, basi. Unapohama na kuingia ndani ya ukingo wa mojawapo ya mabara hayo, hukata kipande chembamba cha ukingo na kukihamishia upande wa pili. Shelisheli ilikuwa sehemu ya bamba la Bara Hindi, na kwa kuhama kwa mpasuko ikajikuta imeunganishwa na bamba la Afrika bila yenyewe kugongana na Afrika wala kurudi karibu nayo. Kwa miaka milioni 60 na zaidi imesafiri pamoja na Afrika. Bara Hindi, likiwa limeachiwa, lilikimbia kaskazini kwa kasi iliyozidi sentimita 10 kwa mwaka hadi lilipoanza kugongana na Asia, kiasi cha miaka milioni 50 iliyopita, na kuinua Himalaya.

Kuna ushahidi wa tukio hilo ndani ya Shelisheli kwenyewe?

Upo, na unaonekana kwa macho. Kisiwa cha Silhouette na jirani yake, Kisiwa cha Kaskazini, havifanani na Mahé. Miamba yao ni sayenaiti, mwamba unaofanana na granaiti lakini wenye kwatzi kidogo, na jamaa zake, iliyopoa ndani ya mizizi ya volkano miaka milioni 63 hivi iliyopita, karibu kabisa na wakati wa kuachana. Msafiri anayevuka kwa boti kutoka Mahé hadi Silhouette, mwendo wa kilomita 20 hivi, anatoka kwenye mwamba wa miaka milioni 750 na kufika kwenye mwamba wenye umri mdogo kuliko huo kwa zaidi ya mara kumi.

Je, volkano za Deccan ndizo zilizoua dinosau?

Wakati ule ule, miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kikubwa kilianguka Chicxulub, nchini Meksiko. Wanasayansi wengi wanakipa kimondo uzito mkubwa zaidi, na mjadala unaoendelea unahusu ni kwa kiasi gani gesi za Deccan zilikuwa zimeyachosha mazingira kabla au kuchelewesha kupona kwake. Kuachana kwa Shelisheli na Bara Hindi kulikuja baada ya hapo.

Mauritia ni nini?

Ni jina lililopewa bara dogo jingine, ambalo inadhaniwa limelala chini ya Morisi na sehemu nyingine za Uwanda wa Maskarene. Uwanda huo ni mwinuko wa chini ya bahari unaopinda kutoka Shelisheli hadi karibu na Morisi, ukipitia majukwaa ya Saya de Malha, Nazareth na Cargados Carajos.

Morisi yenyewe ni kisiwa cha volkano, na lava yake ya zamani zaidi inayoonekana haizidi miaka milioni 9 hivi. Mwaka 2013 kundi la wataalamu lililoongozwa na Trond Torsvik wa Chuo Kikuu cha Oslo lilitangaza kwamba limepata katika mchanga wa fukwe za Morisi chembe za zirkoni zenye umri wa kuanzia miaka milioni 660 hadi milioni 1,971. Basalti kwa kawaida huwa na zirkoni chache mno, na hakuna namna ambayo volkano ya miaka milioni 9 ingeweza kuzaa chembe za umri huo. Maelezo yao yalikuwa kwamba lava, ikipanda, ilipita ndani ya mwamba wa bara uliofichika na kubeba chembe zake hadi juu. Walichagua mchanga kwa makusudi, kwa sababu kusaga miamba kwa mashine iliyowahi kusaga miamba mingine kunaweza kuchanganya chembe za mahali tofauti.

Lakini mchanga nao una udhaifu wake, kwa kuwa upepo, mawimbi na shughuli za watu huweza kuuleta kutoka mbali. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na jibu lilikuja mwaka 2017. Lewis Ashwal wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, akishirikiana na Michael Wiedenbeck na Torsvik, alichunguza trakiti ya Morisi, mwamba wa volkano wenye umri wa miaka milioni 5.7, na ndani ya mwamba wenyewe wakakuta zirkoni za kati ya miaka bilioni 2.5 na bilioni 3. Chembe iliyofungwa ndani ya mwamba haiwezi kusingiziwa upepo. Umri huo unafanana na wa miamba ya kale kabisa ya mashariki mwa Madagaska na ya kusini mwa India, na ndiyo sababu Mauritia hufikiriwa kuwa mabaki ya kiungo kilichokuwa kati ya nchi hizo mbili.

Je, jambo hilo limekubaliwa na wote?

Shelisheli haina ubishi. Mauritia bado ina nafasi ya ubishi, na ni vyema kusema wazi mipaka yake iko wapi. Kwamba zirkoni za kale zimo katika trakiti ya Morisi, hilo ni la kuonekana. Kinachojadiliwa ni zimetoka wapi. Zirkoni za kale zimewahi kupatikana pia katika miamba ya mgongo wa kati wa Atlantiki, mahali ambapo hakuna anayedai kuna bara chini, na hiyo inaonyesha kwamba koti la dunia lenyewe linaweza kubeba mabaki ya mabara ya zamani. Halafu kuna suala la ukubwa. Meli ya utafiti iliyochimba sakafu ya Uwanda wa Maskarene mwaka 1987 ilikuta basalti, na umri wa volkano unapungua kwa mpangilio ukifuata njia ya kitovu cha joto: Deccan, Maldivi, Chagos, kusini mwa Uwanda wa Maskarene, Morisi, kisha Reunion. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachoonekana pale imejengwa na volkano, na bara, kama lipo, limo chini yake vipande vipande. Kwa maoni yangu ushahidi wa 2017 una nguvu ya kutosha kuamini kwamba kuna kipande chini ya Morisi. Ramani zinazochora Mauritia kama nchi moja pana yenye mipaka kamili zinasema zaidi ya yale yanayojulikana.

Ikiwa ni bara, kwa nini limezama?

Ganda la bara huelea juu ya koti la dunia kwa sababu ni jepesi, na kadiri linavyokuwa nene ndivyo linavyoinuka. Linaponyooshwa na mpasuko hukonda, na likikonda hukaa chini zaidi. Pili, joto la mpasuko likiisha, miamba hupoa, husinyaa na kuwa mizito, na uso wake hudidimia kwa mamilioni ya miaka. Tatu, mzigo wa lava na chokaa ya matumbawe huongeza uzito juu. Shelisheli ilisalimika kwa sababu ganda lake halikukonda sana. Mauritia ilikonda na ikafunikwa. Hakuna gharika iliyohusika, na hakuna binadamu aliyeshuhudia.

Je, hili ndilo bara la Lemuria?

Hapana. Lemuria lilikuwa pendekezo la Philip Sclater, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, aliyejiuliza mwaka 1864 kwa nini Madagaska na India zina wanyama wanaoelekea kuwa na ujamaa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mabara husogea, hivyo akafikiri kwamba palikuwa na nchi kati yao iliyozama. Swali lake lilikuwa zuri. Jibu lilipitwa na wakati baada ya Alfred Wegener kutoa hoja ya kusogea kwa mabara mwaka 1912, na hasa baada ya sakafu za bahari kupimwa katika miaka ya 1960. Lemuri wenyewe, wanyama wa jamii ya kima waliompa Sclater jina hilo, mababu zao walifika Madagaska baada ya kisiwa hicho kutengana na mabara, na wengi wanaona kwamba walivuka kutoka Afrika juu ya miti na matope yaliyoelea.

Viumbe vya Shelisheli vinasema lolote kuhusu historia hii?

Vyura vinasema mengi. Chura hawezi kuvuka bahari ya chumvi kwa urahisi, na Shelisheli ina ukoo wa vyura usiopatikana kwingine, Sooglossidae. Mmoja wao akikua hufikia sentimita moja tu. Mwaka 2003 chura wa zambarau anayeishi chini ya ardhi katika milima ya Ghats Magharibi, India, alielezwa kisayansi kwa jina Nasikabatrachus, na uchunguzi wa jeni ukaonyesha kwamba jamaa zake wa karibu zaidi duniani ni hao vyura wa Shelisheli. Ujamaa wao ni wa zamani kuliko kuachana kwa nchi zenyewe. Shelisheli pia ina sesilia, amfibia wasio na miguu waishio udongoni, ambao nao si wasafiri wa baharini.

Visiwa vyote vya Shelisheli ni vya bara? Na Unguja, Pemba na Ngazidja?

Visiwa vya ndani tu, vile vya granaiti pamoja na Silhouette na jirani yake. Vya nje ni vya matumbawe, na Aldabra, mashuhuri kwa kobe wake wakubwa, ni chokaa ya matumbawe iliyoinuka juu ya maji.

Unguja imesimama juu ya ukingo wa bara la Afrika na kutenganishwa na Bara na maji ya kina kidogo, kwa hiyo si bara dogo, ni Afrika yenyewe. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita uliotokana na kudidimia kwa ardhi, lakini bado ni sehemu ya ukingo huo. Visiwa vya Komoro ni vya volkano, na Karthala huko Ngazidja ni volkano hai. Hata hivyo Nzwani kuna jabali la mawe mchanga ya kwatzi, yaliyogeuzwa kwa joto, juu ya kisiwa ambacho kwa haki kingepaswa kuwa cha basalti tupu. Chanzo chake kinastahili utafiti zaidi kuliko kilivyopata.

Historia hii ina faida gani kwa watu wa leo?

Sheria ya bahari inaziruhusu nchi kudai sakafu ya bahari kupita maili 200 za baharini kutoka pwani zikithibitisha kwamba ni mwendelezo wa asili wa ardhi yao. Morisi na Shelisheli zilipeleka hoja moja kwa pamoja kuhusu Uwanda wa Maskarene badala ya kugombana, na mwaka 2012 zikatia saini mikataba ya kusimamia kwa pamoja eneo la kilomita za mraba 396,000 hivi. Ni mfano ambao nchi nyingine zenye mipaka ya bahari ingefaa ziutazame kwa makini.

Lipo pia suala la mafuta. Visima vitatu vilivyochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 magharibi mwa Benki ya Shelisheli vilikuta mashapo ya zamani za Triasi, zilizotangulia Jura, na za Jura yenyewe, ndugu wa yale ya pwani ya Kenya, Tanzania na Madagaska. Havikuanzisha uzalishaji, lakini vilithibitisha kwa mwamba ulioshikwa mkononi kwamba Shelisheli ilikuwa sehemu ya mabonde yale yale.

Afrika Mashariki inaweza kuzaa bara dogo jingine?

Masharti yapo. Bonde la Ufa lina matawi mawili, la mashariki linalopita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na la magharibi linalopita maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika na Nyasa. Katikati yao kuna eneo la mwamba mzee, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5 katika sehemu za Tanzania zenye dhahabu kama Geita, ambalo halipasuki kwa urahisi na hivyo kuulazimisha ufa upite kando zake zote mbili. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba eneo hilo, linaloitwa bamba dogo la Victoria, linazunguka polepole kinyume na mwendo wa saa, tofauti na mabamba yaliyo pembeni, la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki. Kasi ya kufunguka kwa ufa ni milimita chache kwa mwaka. Kwa kasi hiyo bahari, kama itafunguka, itachukua mamilioni mengi ya miaka, na pia mipasuko mingi ya bara hufa kabla ya kuwa bahari. Mabonde yaliyojaa mawe mchanga ya Duruma yalianza kunyooka zaidi ya miaka milioni 80 kabla ya bahari halisi kufunguka.